Elimu Kubwa Kuliko Kazi: Je, Ufiche Cheti Chako?

Wiki hii nilipanga tuendelee na somo letu la kuhifadhi mahindi ghalani, lakini naomba tuliweke kando kidogo. Kuna swali limeletwa ofisini kwangu, na najua wako wengi wenye swali hilo hilo ila wanaona aibu kuliuliza.

Jumatatu alikuja hapa ofisi ya kata binti mmoja wa kijiji cha jirani. Alihitimu shahada ya kilimo miaka mitatu iliyopita. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki iliyochakaa pembeni, zile bahasha ambazo sisi wote tuliowahi kutafuta kazi tunazifahamu. Akaniamkia, akakaa, akaeleza kwamba mjini kuna duka la pembejeo linatafuta muuzaji. Wanataka mtu aliyemaliza kidato cha nne, anayejua kusoma mizani na kuandika risiti.

"Naomba ushauri, afisa," akasema. "Nipeleke cheti cha kidato cha nne peke yake, hii digrii niiache nyumbani?"

Nilichelewa kumjibu. Jibu nilikuwa nalo. Tatizo ni kwamba mimi mwenyewe niliwahi kufanya hivyo hivyo, kwenye duka la namna hiyo hiyo, na sijawahi kuandika habari zake. Leo naziandika.

Nilivyofika hapo

Mimi ni mtoto wa mkulima wa kahawa, Mbozi, mkoani Songwe. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2008, nikaendelea na kidato cha tano na sita, kisha nikaenda Morogoro kusoma shahada ya kilimo. Mkopo wa Bodi ya Mikopo nilipata, lakini haukutosha kila kitu. Baba akauza ekari moja ya mibuni. Hakuniambia. Niliporudi likizo nikakuta mpaka wa shamba umesogea, na mtu mwingine anapalilia pale tulipokuwa tunachuma sisi.

Nilihitimu mwaka 2014. Wanaokumbuka mwaka huo wanakumbuka pia picha za mwezi Juni kutoka Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam: vijana zaidi ya 10,000 wamekaa kwenye viti vya uwanja wa mpira wakifanya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Sisi tuliokuwa mwaka wa mwisho tuliziangalia zile picha kwenye simu, tukacheka kidogo, halafu tukanyamaza.

Nilipokosa kazi nikapata bahati, au nilidhani ni bahati. Mradi mmoja wa utafiti ulikuwa unalipia wanafunzi wa uzamili, nikaingia. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: kama shahada moja haitoshi, mbili zitatosha. Nilimaliza mwishoni mwa 2016. Katikati ya mwaka huo serikali ilikuwa imesimamisha ajira mpya kupisha uhakiki wa watumishi hewa. Kwa hiyo nilitoka chuoni na vyeti viwili, na mlango mkubwa niliokuwa nautegemea umefungwa.

Juu uzoefu haupo, chini elimu imezidi

Kwa miezi kama kumi nilizunguka. Nafasi zilizotaka shahada ya uzamili zilitaka pia uzoefu wa miaka mitano, nami sikuwa nao. Nikasema basi nishuke chini.

Kampuni moja ya mbegu ilikuwa inatafuta bwana shamba wa mkataba, mwenye stashahada, wa kusimamia mashamba darasa. Yule bwana wa usaili alisoma CV yangu yote, akaikunja vizuri, akanirudishia. "Kijana, wewe miezi mitatu haiishi utakuwa umeondoka. Mimi nitaanza upya kutafuta mtu katikati ya msimu."

Kwenye shamba moja la parachichi walitaka msimamizi wa vibarua. Meneja alikuwa mtu mzima, ameanza kazi kwa jembe hadi kufika pale. Aliniuliza maswali mawili tu, kisha akasema watanipigia simu. Nilipokuwa natoka nikamsikia akimwambia mwenzake, "Huyu si atataka kunifundisha mimi kazi?"

Serikalini nako, hata matangazo yalipoanza kutoka tena kidogo kidogo, kila nafasi ilikuwa na kiwango chake. Nafasi ya Afisa Kilimo Msaidizi ni ya mwenye stashahada au astashahada. Afisa Kilimo ni ya mwenye shahada. Mtu aliyetoka kidato cha sita moja kwa moja hadi chuo kikuu hana stashahada ya kuonyesha, kwa hiyo ile nafasi ya chini si yake, hata kama kazi anaiweza.

Niwe mkweli: hasira ilinijaa. Niliona kama niliadhibiwa kwa kusoma. Ukiwa katika hali hiyo, wazo la kuficha cheti halikujii kama kosa. Unaliona kama ujanja wa mjini.

Kaunta ya duka

Mwezi Septemba 2017 nilifika Makambako kwa rafiki aliyenipa mahali pa kulala. Pale ni njia panda: magari ya Mbeya, ya Iringa na ya Songea yote yanapita, na msimu wa kilimo ukikaribia maduka ya pembejeo yanajaa watu. Nikasikia mama mmoja anatafuta kijana wa dukani. Nikaenda na cheti cha kidato cha nne tu.

Tatizo la kwanza nililiona hapo hapo. Cheti kinasema 2008, na sisi tupo 2017. Mama akauliza, "Hii miaka tisa yote ulikuwa wapi, mwanangu?" Sikuwa nimejiandaa. Nikasema nilikuwa nyumbani nalima, na vibarua vya hapa na pale kwenye mashamba ya watu. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwake, na ndugu msomaji, uongo wa namna hiyo lazima uulishe kila siku ili usife. Kila mteja akiuliza jambo la kitaalamu, nilitakiwa kukumbuka kwanza mimi ni nani pale.

Kwa baba nako nilidanganya, ila kwa upande wa pili. Nilimwambia kwenye simu kwamba nimepata kazi kwenye kampuni ya pembejeo. Akauliza kama nina ofisi. Nikasema ipo.

Kazi yenyewe niliipenda, na hili nalisema wazi. Nilijifunza vitu ambavyo chuoni sikuvipata. Nilijifunza kwamba mkulima hanunui mbolea siku anayotakiwa kuiweka, ananunua siku aliyopata hela. Nilijifunza kwamba akisema "nipe ile dawa ya mwaka jana" huwa hakumbuki jina, anakumbuka rangi ya chupa. Nilijifunza kuandika daftari la madeni bila kumwaibisha mtu.

Lakini mwezi Januari wakulima walianza kuleta majani ya mahindi yaliyotobolewa. Viwavijeshi vamizi walikuwa wameripotiwa nchini mwaka 2017, na wengi walikuwa hawajawajua. Waliwaita funza wa mabua, wakawa wanaomba dawa ile ile waliyozoea. Siku moja mzee mmoja alileta kiwavi kwenye kopo. Nilimtambua mara moja: kichwani ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyojipanga kama mraba. Mama alikuwepo. Mtu wa kidato cha nne aliyekuwa kibarua angejulia wapi habari za herufi Y?

Nikamuuzia mzee alichotaka. Kisha nikamfuata nje hadi kwenye pikipiki yake, nikamnong'oneza kwamba arudi abadilishe dawa, anyunyizie mapema asubuhi au jioni, na dawa ailenge kwenye moyo wa mhindi ambako kiwavi anajificha, kabla hajawa mkubwa. Mzee akaniangalia kwa mashaka. "Sasa mbona hukuniambia mule ndani?" Sikuwa na jibu. Akawasha pikipiki akaenda zake, na hakurudi kubadilisha.

Siku ya mkaguzi

Hilo la mzee liliniumiza, ila lililonivunja kabisa lilikuwa limeanza mwezi mmoja nyuma.

Mwezi Desemba alikuja mkaguzi. Kama mjuavyo, kuuza viuatilifu si sawa na kuuza sabuni. Kunahitaji kibali, na muuzaji anatakiwa awe na mafunzo. Mkaguzi akauliza, "Hapa dukani nani ana mafunzo?" Mama akajibu kwamba aliyekuwa nayo aliacha kazi, na kwamba atakwenda kusoma yeye mwenyewe. Akapewa onyo na muda wa kurekebisha.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kaunta, mita mbili kutoka kwao, nina shahada mbili za kilimo, nimenyamaza. Nilijifanya napanga pakiti za mbegu.

Mama yule alifunga safari. Alilipa nauli, ada na malazi, akaacha duka mikononi mwangu siku kadhaa katikati ya msimu. Alirudi na daftari limejaa maandishi, akawa ananielekeza usiku baada ya kufunga duka: hii alama nyekundu kwenye chupa maana yake hivi, hii ya njano maana yake vile. Nami nikawa naitikia, "Ndiyo mama. Sawa mama."

Mwezi Februari alikuja wakala wa kampuni moja ya viuatilifu kuleta mzigo. Alikuwa tumesoma naye Morogoro. Aliponiona akapaza sauti kwa furaha, akanitaja kwa jina na kwa kozi, akauliza kama ile shahada ya pili nilimaliza. Mama alikuwa anahesabu maboksi. Hakugeuka. Aliendelea kuhesabu hadi mwisho, akasaini karatasi, wakala akaondoka.

Jioni baada ya kufunga akaniita. Nilitegemea aniambie nimemzidi elimu, kama wale wengine. Hakusema hivyo. Alisema, "Mkaguzi alipouliza, ulikuwa umesimama pale." Akaonyesha mahali kwa kidole. "Ungesema neno moja nisingesafiri. Nilikuwa nawaza mwakani nifungue duka la pili, nikukabidhi. Sasa mimi nitajuaje ni kitu gani kingine unajua na hujaniambia? Nitajuaje hela za duka ziko salama?"

Nilimwambia hela zote zipo, na ndivyo ilivyokuwa. Akasema anajua zipo, ameshahesabu. Hata hivyo alinilipa mshahara wangu wa mwezi, akachukua funguo.

Nimeandika haya kwa urefu kwa sababu kabla ya siku ile niliamini kwamba waajiri wananikataa kwa elimu. Huyu alinikataa kwa kuficha, na elimu yenyewe ndiyo alikuwa anaihitaji.

Nyumbani

Nilirudi Mbozi. Sebuleni kuna picha yangu ya mahafali, joho na kofia, iko kwenye fremu ukutani juu ya redio. Nilimwambia baba ukweli wote: duka, cheti kimoja, ofisi ambayo haikuwepo. Alikuwa anakunywa chai. Alimaliza chai yake, akasema nilale, nimechoka na safari.

Kesho yake alfajiri akanigongea, tukaenda kwenye ile mibuni iliyobaki. Akageuza jani, chini lina unga wa rangi ya chungwa. Akaniuliza, "Hii ni nini, na nifanye nini?" Ilikuwa kutu ya majani. Nikamweleza ugonjwa unavyoenea, nikamwonyesha matawi ya kukata ili hewa ipite, tukazungumza habari ya kupulizia dawa ya kopa kabla mvua hazijakolea msimu ujao. Tulizunguka shamba zima hadi jua likawa kali. Tulipokaa chini ya mti akasema, "Miaka yote hii ulikuwa unaogopa nini kuniambia haya?" Nami nikagundua kwamba tangu nihitimu sikuwahi kukanyaga shamba la baba kama mtaalamu. Nilikuwa nasubiri niajiriwe kwanza.

Mizani ya kahawa

Msimu wa kahawa ulipokaribia, chama chetu cha msingi cha ushirika kilitangaza kinahitaji karani wa mizani kwenye mtambo wa kuchakata kahawa mbivu. Kiwango: kidato cha nne. Kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu sehemu mbili nikiwa wazi na vyeti vyote, na zote zilinikataa. Nayataja haya ili usidhani ukweli unafungua kila mlango. Haufungui.

Nilikwenda kwa mwenyekiti na bahasha yangu nzima. Akasoma, akavua miwani. "Kijana, ukiitwa serikalini kesho asubuhi, sisi tutabaki na nani kwenye mizani?"

Nikajibu, "Nikiitwa nitakwenda, mzee, siwezi kukudanganya. Ila nitakupa mwezi mzima wa taarifa, na kuanzia wiki ya kwanza nitakuwa namfundisha kijana mwingine hapa hapa kijijini, ili siku hiyo ikifika mizani isisimame."

Akaniuliza kama mshahara nimeuona. Nikasema nimeuona na nimeukubali. Akauliza kama nitaweza kubeba magunia. Nikasema nimezaliwa hapa.

Nilifanya kazi pale misimu minne. Nilipima kahawa mbivu, nikafundisha watu kutenganisha zinazoelea, nikaandika kwenye ubao hesabu ambayo wakulima wengi hawakuwa wanaipata: kwamba inahitajika takribani kilo tano za kahawa mbivu kupata kilo moja ya kahawa ya maganda, kwa hiyo bei mbili haziwezi kulinganishwa kwa kuzitazama tu. Hakuna aliyeniagiza kuandika. Mkutano wa mwaka uliofuata waliniomba niieleze mbele ya wanachama wote. Yule kijana niliyemfundisha ndiye karani hadi leo.

Mwaka 2022 nilipata ajira ya serikali. Kwenye usaili niliulizwa nimekuwa wapi tangu nihitimu, na safari hii miaka yangu ilikuwa na majibu. Niliajiriwa kwa sifa ya shahada ya kwanza, maana ndiyo nafasi iliyotangazwa. Ile ya uzamili ipo kwenye faili. Sijutii kuisoma, lakini sijaona shilingi yake.

Mwajiri anaogopa nini?

Sasa tuje kwenye ushauri. Mwajiri akisema "elimu yako ni kubwa mno", mara nyingi anasema mojawapo ya mambo manne. Jua ni lipi, kisha ulijibu lile.

1. *Ataondoka mapema.* Usiape kwamba hutaondoka, hakuna atakayeamini. Sema utakaa kwa muda gani, na utaondokaje. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, anayelipwa kwa mwezi akishapita mwezi wa kwanza hutoa notisi isiyopungua siku 28. Kwenye kilimo, ahidi zaidi ya hapo: sema hutaondoka katikati ya msimu.

2. *Atadai hela nyingi.* Taja wewe mwenyewe kwamba umeuona mshahara na umeukubali. Kama hujaukubali usiombe, maana utaanza kunung'unika mwezi wa pili.

3. *Hatatumika.* Hapa maneno hayasaidii sana. Omba siku mbili au tatu za kujaribiwa, fagia, beba mifuko, panga stoo. Wataona.

4. *Atanizidi mimi bosi.* Hii ndiyo ngumu, kwa sababu hakuna bosi atakayeitamka. Usiingie na majibu. Ingia na maswali kuhusu kazi yake, na kitu unachokijua mwambie faraghani, si mbele ya wateja.

Kupunguza si kuficha

Hapa ndipo watu wanachanganya. Huna wajibu wa kupeleka kurasa sita za CV, yenye mada ya utafiti wako na semina ulizohudhuria, kwenye duka linalotafuta muuzaji. Andika ukurasa mmoja. Anza na kazi za mikono ulizofanya: kusimamia shamba, kuhesabu hela, kuendesha pikipiki, kuuza. Elimu iweke chini, kwa mstari mmoja. Huko ni kupunguza, na ni busara.

Kuficha ni pale unapolazimika kujaza nafasi ya kile ulichokitoa kwa jambo ambalo halikutokea. Kipimo changu ni hiki: mwenye duka akikuuliza "miaka hii ulikuwa wapi?", je, una jibu la kweli? Kama huna, umeshavuka mpaka. Na fomu ikiuliza kiwango cha juu cha elimu ulichofikia, jaza ukweli, hasa fomu za serikali.

Kumbuka pia deni. Kama ulisoma kwa mkopo, wewe ni mdaiwa wa Bodi ya Mikopo hata ukiwa umeificha shahada yako. Ukiajiriwa rasmi, mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara. Fanya hesabu na hiyo ikiwemo kabla ya kukubali kazi ya mshahara mdogo, usije ukashangaa.

Mfano wa barua

Wengi huniuliza waandike nini. Hii ni sehemu ya barua ambayo mimi na yule binti tuliiandika pamoja Jumatatu ile. Unaweza kuibadilisha kulingana na hali yako:

"Mimi ni mhitimu wa shahada ya kilimo. Najua kazi mliyotangaza haihitaji shahada, nami naiomba nikiwa nimelielewa hilo na nimeukubali mshahara wake. Naweza kuandika mauzo, kutunza stoo, na kumweleza mkulima matumizi sahihi ya mbolea na viuatilifu. Kama duka linahitaji mtu mwenye mafunzo kwa ajili ya ukaguzi, vyeti vyangu vipo. Natafuta pia ajira ya kudumu kwenye fani yangu. Nikiipata nitatoa taarifa mapema na sitaondoka kabla msimu wa kupandia kuisha."

Ule mstari wa vyeti na ukaguzi nilimwambia asiuache. Kabla ya kwenda kuomba kazi popote, jiulize ni shida gani ya mwajiri ambayo elimu yako ingeitatua. Ukiipata, usiseme "nina shahada". Itaje hiyo shida.

Mengine ya kufanya wakati unasubiri

Jisajili kwenye huduma za ajira za serikali zinazowaunganisha wahitimu na nafasi za mafunzo kazini; hupati mshahara mkubwa, lakini unapata uzoefu unaodaiwa kwenye kila tangazo. Usikimbilie shahada ya pili kwa sababu tu ya kwanza haijakupa kazi, kama nilivyofanya mimi. Uliza kwanza nafasi zinazoitaka zinataka na nini kingine. Na kama nyumbani kuna shamba, hata nusu ekari, anza kulihudumia kwa kumbukumbu za maandishi: tarehe ya kupanda, gharama, mavuno. Usaili ukija utakuwa na la kusema.

Mwisho, waambie wa nyumbani ukweli kuhusu kazi unayofanya. Wao ndio waliouza ng'ombe, mibuni au kiwanja ili usome.

Binti yule alisoma barua mara mbili, akasema ule mstari wa kutafuta ajira ya kudumu unamtia hofu, anaona ndio utakaomnyima kazi. Nikamwambia inawezekana kabisa ukamnyima. Akaikunja, akaiweka kwenye bahasha pamoja na vyeti vyote vitatu. Mlangoni akasimama, akauliza kama gari la mwisho la mjini limeshapita. Lilikuwa bado. Hadi naandika haya sijajua alijibiwa nini, wala sijajua kama ule mstari aliuacha.

Wiki ijayo tutarudi ghalani: tutaangalia unavyoweza kujua mahindi yamekauka vya kutosha kabla ya kuyafunga kwenye mifuko.